Kabureta ya Mwalimu na Zile Alama Tatu

Vijana wa gereji wameniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi kabla sijasahau. Wameninunulia daftari, na mmoja wao akaniambia, "Mathe, andika tu zile hekima." Hekima! Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewaambia msilegeze boliti kwa nyundo na hakuna aliyesikia. Sasa mgongo umenistaafisha, ndipo maneno yale yale yamegeuka hekima. Haya basi, someni, na nyundo ziwe chini wakati mnasoma.

Sitawaambia nilipandishwa cheo lini, kwa sababu katika gereji yetu ya Kitale vyeo vilikuwa viwili tu: anayelala chini ya gari, na anayesimama kando akitoa ushauri. Mimi nilikuwa chini. Mshahara nao nauruka. Daftari hili ni la mambo yenye urefu kidogo.

Niliingia ufundi kwa sababu ya foleni. Baba alinitoa kwetu, si mbali na Sirisia, akanipeleka chuo cha ufundi nikasomee ushonaji. Siku ya kujiandikisha, foleni ya ushonaji ilizunguka jengo zima. Foleni ya magari ilikuwa na wavulana sita, na mmoja wao alikuwa amelala. Mimi tangu utotoni sipendi kusimama. Baba alipojua, nilikuwa tayari najua kufungua gia boksi, na alinisamehe siku nilipomtengenezea baiskeli, ambayo haina gia boksi.

Gereji iliyonipokea ilikuwa nyuma ya ghala la mahindi, na mkuu wa mafundi alikuwa Mzee Shabani. Alikuwa mtu wa Bungoma mjini, kwao ni karibu na msikiti. Babu yake alifika hapo na msafara fulani zamani za kale, akaonja mtama wa watu, akakataa kuondoka. Mzee Shabani alivaa kofia nyeupe kila siku ya kazi, na katika gereji ambayo hata paka wake alikuwa na grisi, sikuwahi kuona doa kwenye ile kofia. Nilifanya kazi naye miaka mingi na hilo fumbo nimestaafu nalo.

Siku ya kwanza alinipa kabureta, beseni la petroli na bisibisi iliyozungushiwa mpira wa baiskeli kwenye mpini. Akasema nifungue, nioshe, nifunge. Kwa ninyi mliozaliwa na magari yanayopulizia petroli kwa sindano na kompyuta, kabureta ni kile kibakuli cha chuma juu ya injini kinachochanganya petroli na hewa. Hewa ikizidi, injini hukohoa. Petroli ikizidi, hutoka moshi mweusi, na mwenye gari hutoa maneno meusi zaidi. Ndani yake mna kigololi cha chuma, kidogo kuliko punje ya mtama, na bila hicho gari halina nguvu ya kuondoka. Nilifungua, nikaosha, nikafunga kila kitu, na kigololi hakipo.

Nilifagia gereji nzima. Nilipitisha sumaku chini ya meza, chini ya magari, na chini ya yule paka. Mzee Shabani aliniuliza mara mbili, "Binti, kuna lolote la kuniambia?" Nikamjibu kwa sauti tamu, "Hakuna, Mzee, nasafisha tu." Saa kumi jioni nikakata tamaa nikamwambia kimepotea. Akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akanipa kigololi changu.

"Kimekuwa hapa tangu asubuhi," akasema. "Nilikuwa nangoja uniambie. Mficha uchi hazai."

Nilimchukia wiki nzima. Ningekuwa na akili, ningekumbuka somo hilo maisha yangu yote, lakini mimi nilikumbuka tu kutazama mfuko wa shati lake.

Alikuwa na sheria moja ambayo ninyi mmeiua bila hata kuiwekea matanga. Kila kitu kinachotolewa kwenye gari, hata plagi iliyoungua, kinafungwa kwenye kitambaa na kurudishwa mkononi mwa mwenyewe. Alisema mtu akikuachia gari lake, amekuachia pia nafasi ya kumdanganya upendavyo moyo wako, kwa hiyo mpe vyuma vyake akahesabu mwenyewe. Gereji nyingine zilikuwa na desturi tofauti kuhusu vyuma vya wateja, nanyi mnaijua, sina haja ya kuwatajia.

Wateja walinizoea polepole. Kuna bwana mmoja aliingia akaniuliza, "Dada, fundi yuko?" Nikamwambia yuko. Akaketi akangoja. Nikamtengenezea breki zote nne mbele ya macho yake, nikafunga magurudumu, nikanawa mikono. Akaangalia saa akasema, "Sasa huyu fundi wenu atakuja saa ngapi?"

Mteja ambaye hakuwahi kuniuliza hivyo ni Mwalimu Barasa wa Ndalu. Mwalimu alikuwa na gari la Kifaransa la zamani, saluni, la rangi ya maziwa ya chai, ambalo alilinunua msimu wa palizi na kwa hiyo akaliita Naliaka, kama tunavyowaita wasichana wanaozaliwa msimu huo. Alilitunza kuliko maafisa wengine wanavyotunza afya ya umma. Alikuja na daftari la mazoezi ambamo ameandika maradhi ya gari kwa namba, kwa mwandiko wa ubaoni: moja, anakohoa asubuhi, mbili, anaguna mlimani. Ukimaliza kazi, alikwenda na gari wiki moja, kisha akarudi kukupa alama kwa kalamu nyekundu, juu ya kumi. Mimi mtu mzima, mwenye watoto watatu, nilikuwa nasubiri alama zangu kama mtoto wa darasa la nne. Alinipa nane, tisa, mara moja kumi. Ile ya kumi niliwaonyesha watu ambao hawakuuliza.

Mwanzoni mwa miaka hii ya elfu mbili, simu za mkononi zilipoanza kufika kwetu na watu wazima wakawa wanapanda vichuguu kutafuta mtandao, Mwalimu alileta Naliaka mwezi wa Novemba. Binti yake wa mwisho, Nafula, alikuwa anaolewa Bungoma mwezi wa Desemba. Mwalimu ana mabinti sita, na watano wote walitoka nyumbani ndani ya gari hilo kwenda kanisani.

"Anakohoa, anakunywa, na hana pumzi," Mwalimu akasoma kwenye daftari. "Jirani yangu anasema kabureta ya mdomo mmoja ni kitu ya kizamani. Ati niweke dabo, ile ya midomo mbili."

Mzee Shabani akanyunyiza petroli kidogo ubavuni mwa kabureta. Injini ikabadilisha sauti. Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa: kile kijiti cha chuma kinachofungua na kufunga mlango wa hewa kilikuwa kimelika, na injini ilikuwa inavuta hewa ya wizi.

"Kabureta hii ni nzima, imechakaa kiungo kimoja tu," akasema. "Tutatia bushi mpya, vile vipete vinavyoshika kijiti. Huyo jirani yako, ndiye anayeendesha gari hili?"

"Hapana."

"Basi muache aendeshe ulimi wake."

Andikeni hapa, maana ndiyo hekima mliyoinunulia daftari: kabureta huchaguliwa kwa ukubwa wa injini, kwa mwinuko wa mahali, na kwa mguu wa dereva. Haichaguliwi kwa jirani. Kitale tuko juu, hewa ni nyepesi. Bungoma ni chini, hewa ni nzito. Kabureta iliyopangwa Kitale ikishuka Bungoma hupata hewa nyingi kuliko petroli yake. Ndogo hustahimili. Kubwa hukasirika. Injini ndogo ikipewa midomo miwili ni kama kumwekea mtoto sufuria ya harusi ukitegemea atashiba haraka zaidi.

Haya yote niliyajua. Nataka muelewe hivyo. Niliyajua kama ninavyojua jina langu, Nekesa.

Siku iliyofuata Mzee Shabani akaitwa kwao Bungoma, kuna matanga ya jamaa. Aliniachia kazi kwa maneno matatu: "Bushi, osha, rudisha." Haikupita hata siku moja, akaja Mwalimu na jirani yake kichwani mwake. "Nekesa, nimefikiria. Weka tu dabo." Ningemwambia hapana. Lakini fundi mwenzangu Simiyu, aliyekuwa ameegemea mlango akitoa ushauri kama kawaida yake, akacheka.

"Mwalimu, hiyo ngoja Mzee arudi bana. Dabo inataka kuchongewa bamba. Si kazi ya mama."

Hayo tu ndiyo yaliyohitajika. Injini ya watu, harusi ya watu, miaka yangu ya kazi, vyote niliviweka kando ili Simiyu afunge mdomo. Nilimwambia Mwalimu, "Leo ni Jumatatu. Njoo Ijumaa."

Siku hiyo hiyo akapita Wafula, muuza vyuma chakavu wa Sirisia, na pikapu yake iliyopaswa kuwa kati ya bidhaa zake. Alikuwa na dabo moja iliyotoka kwenye gari kubwa. "Hii inaweza vuta roli, mama," akaniambia. "Nipe hiyo ndogo ya zamani, tubadirishane, tusisumbuane." Nikampa. Kabureta ya Mwalimu Barasa, iliyokaa juu ya injini ile tangu kiwandani, nilimpa mtu dirishani mwa pikapu kama mtu anayetoa ganda la ndizi. Kitambaa cha kufungia kilikuwa begani mwangu.

Bamba, kile kipande cha chuma cha kuikalisha dabo juu ya injini, nililichonga kwa tupa siku tatu. Lilikuwa bamba zuri. Ningependa niwaambie lilikuwa baya, hadithi ingekuwa na haki zaidi, lakini lilikaa sawa bila hata kupitisha karatasi, na Simiyu alilitazama akaenda kunywa chai bila neno. Nilipunguza jeti, vile vijitundu vya shaba vinavyopimia petroli, mpaka moshi mweusi ukaisha, na hapo Kitale gari likaenda. Mwalimu akafurahi, jirani akafurahi. Mzee Shabani aliporudi kutoka Bungoma akafungua boneti, akatazama kwa muda mrefu.

"Bamba zuri," akasema. Kisha, "Kuna lolote la kuniambia?"

"Hakuna, Mzee. Kila kitu kiko sawa."

Hata mfuko wa shati lake sikuutazama.

Jumatano ya wiki ya harusi Mwalimu alitaka kuipima njia yote mpaka kanisani Bungoma, na akataka fundi awe ndani. Basi nikaketi kiti cha nyuma na Nafula, msichana mpole mwenye meno mazuri, karani katika ofisi moja ya serikali. Alikuwa upande wa kushoto, nami nilipotaka kusogea katikati akanizuia kwa mkono.

"Samahani, mama fundi. Hapo katikati usikae."

Nikauliza kwa nini. Mwalimu akawa anatazama barabara kwa bidii ambayo barabara ile haikuihitaji.

"Mama alikuwa anakaa hapo," Nafula akasema. "Dada zangu wote watano wakienda kanisani, alikaa hapo akiwashika mkono. Mimi nilikuwa wa mwisho, akafariki mwaka jana kabla zamu yangu haijafika. Nilimwambia Baba sitaki gari ya kukodi, hata kama ni mpya. Nataka tu nikae kando ya mahali pake."

Nilisema "Pole, mwanangu," na nikajibana mlangoni. Mpaka hapo nilikuwa nafikiri nimetengeneza gari.

Tulipita Kamukuywa vizuri. Tukiwa tunashuka, hewa ikawa nzito, na injini ikaanza kupiga chafya. Mwalimu akakanyaga mafuta. Gari likameza mate, likafikiria, kisha likaruka mbele. Misikhu ilikuwa siku ya soko. Mbele ya mama mboga, wauza kuku na watu wote waliokuwa wamekosa burudani tangu asubuhi, Naliaka alipiga chafya moja kubwa kama bunduki, na moto ukatokea chini ya boneti.

Niliruka nje, nikamnyang'anya mama mmoja gunia bichi la sukuma wiki nikazima. Moto ulikuwa mdogo, lakini aibu haikuwa ndogo. Kuku watatu walikimbia wakiwa wamefungwa miguu, jambo ambalo sijaliona tena. Mzee mmoja akauliza, "Fundi wa hii gari ni nani?" Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona faida ya watu kudhani si mimi.

Tukavutwa kwa kamba na trekta lililokuwa likirudi Kitale. Mwalimu hakunigombeza. Angenigombeza ningemshukuru. Alishika usukani, daftari lake likiwa magotini, akauliza, "Nekesa, ile ya zamani ukiirudisha leo na kesho, Jumamosi tutafika?"

"Tutafika, Mwalimu."

"Na iko?"

"Iko."

"Basi sina wasiwasi," akasema, na Nafula akanishika mkono akasema asante. Asante! Niliushika mkono wa yule msichana kutoka Misikhu mpaka Kitale, nikijua nimempa Wafula harusi yake dirishani.

Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo wasemavyo. Yangu ilifika Sirisia na kurudi. Alhamisi asubuhi nilimdanganya Mzee Shabani kwamba mtoto ni mgonjwa, nikaenda. Wafula nilimkuta katikati ya mlima wa vyuma akila viazi vitamu.

"Ile kabureta? Nirishauza, mama. Si siku ile ile nirienda nayo Bungoma."

"Ulimuuzia nani, Wafula? Niambie tafadhali."

"Mzee mmoja wa kofia. Ariitazama tu, akaona alama ya tupa hapa pembeni, akasema ni mkono wake. Hata hakubishana. Ati anakaa karibu na msikiti."

Ninyi mmeshaelewa. Mimi nilipanda gari mpaka Bungoma kwa sababu hofu ilikuwa imenikalia kichwani. Karibu na msikiti nikamuuliza muuza mahamri kama anamjua mzee wa kofia anayenunua kabureta kuukuu. Akacheka.

"Mzee Shabani? Si ni fundi huko Kitale? Dada, umempita njiani."

Nilikaa kwenye benchi lake, nikala mahamri mawili bila kuyasikia. Alikuwa nayo. Alikuwa nayo tangu siku ile aliposifu bamba langu. Nilimkasirikia kwanza, kama kawaida ya mwenye makosa. Halafu nikaona haya, na haya ile nawaambia wazi, ilikuwa mbaya kuliko moto wa Misikhu.

Ijumaa nilifika kazini mapema. Nilikuwa nimetunga maneno mazuri njiani, lakini asubuhi nzima nikaosha plagi badala ya kuyasema. Mchana Mzee Shabani akanawa, akaenda msikitini. Mimi nikafungua droo ya meza yake, ambayo haikuwahi kufungwa kwa ufunguo. Ilikuwemo, imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Nikafunua. Bushi mpya zilikuwa ndani, kijiti kinazunguka laini bila kucheza. Alikuwa amemaliza kazi niliyoachiwa mimi.

Gari lilikuwa hatua tano kutoka pale. Ningeifunga kabureta ile kabla hajarudi, na Mwalimu angepata gari lake, na Mzee asingesema neno, na mimi pia nisingesema neno, na tungeishi vizuri sana. Nilikaa nayo mkononi kwa muda. Simiyu akapita akauliza kama naumwa na tumbo. Nikaifunga tena kwenye kitambaa, nikairudisha kwenye droo, nikangoja.

Mzee aliporudi nilimwambia kabla hajaketi. "Mzee, kabureta ya Mwalimu haikuwa yangu, nikampa Wafula. Nikakudanganya wewe, nikamdanganya na Mwalimu. Na mtoto hakuwa mgonjwa."

"Huyo mtoto nilimuona jana anacheza mpira," akasema. Akafungua droo. "Nimengoja wiki tatu, binti yangu. Ile ya kwanza ulichukua siku moja. Unazidi kuwa mgumu."

Tuliifunga pamoja mchana ule. Nilitaka kuipangia jeti za Kitale, akakataa. Akaniambia tuipange kwa hewa ya Webuye, katikati ya safari: Ndalu itanung'unika kidogo, Bungoma itanung'unika kidogo, na hakuna atakayeshika moto. Tangu siku hiyo nimepanga hivyo magari yote ya njia ile. Tulipomaliza akaichukua dabo, akaifuta, akaniwekea mikononi pamoja na kitambaa.

"Hii umeinunua kwa mali ya Mwalimu. Ni yake. Mpelekee mwenyewe, umwambie."

"Baada ya harusi, Mzee."

Jumamosi Naliaka aliingia Bungoma bila kukohoa. Nilikuwa mlangoni mwa kanisa na gauni langu la pekee, na Mzee Shabani kando yangu na kofia yake. Nafula alishuka mlango wa kushoto. Pale katikati ya kiti, mahali pa mama yake, kulikuwa na leso iliyokunjwa vizuri na hakuna aliyekuwa ameikalia. Nililia. Simiyu alinipa kitambaa chake, nami nikakitumia, grisi na yote.

Wiki iliyofuata Mwalimu alikuja na daftari. Saba juu ya kumi.

Saba! Gari limekwenda harusini na kurudi, bibi arusi ameolewa, na saba. Nikamuuliza zile tatu zimekwenda wapi. Akafunga kalamu nyekundu akasema, "Wewe ni mwanafunzi mzuri, utazitafuta." Nilinuna. Nilimwambia kila mtu kwamba walimu wakistaafu wanakosa mtu wa kumuonea.

Na dabo je? Nilikuwa nangoja siku nzuri. Siku nzuri zilikuja nyingi, zikanikuta nina kazi. Mwaka ukapita, halafu mwingine, na jambo dogo likikaa sana huwa zito, mpaka unaona afadhali kubeba injini. Mzee Shabani hakuniuliza tena. Alifariki kwao Bungoma, tukamzika siku hiyo hiyo kama ilivyo dini yao, na niliporudi gereji nilikuta dabo bado iko chini ya benchi langu, kwenye kitambaa chake. Nilikililia kitambaa kile kuliko nilivyolia matangani.

Mwezi uliopita, nikitoa vitu vyangu, vijana mlinisaidia kubeba kila kitu isipokuwa furushi moja. Mliuliza ni nini. Nikasema ni chakula. Basi kumbe hata siku ya mwisho ya kazi nilikuwa bado nasema uongo kuhusu kabureta ile.

Kesho yake nilikwenda Ndalu. Mwalimu amezeeka, anatembea na fimbo, alikuwa anaanika mahindi uani na kuwafokea kuku kwa Kiswahili sanifu. Naliaka alikuwa chini ya kibanda, amefutwa. Nilimpa furushi kwa mikono miwili, nikamwambia yote: Wafula, dirisha, uongo wa kwenye trekta, droo. Miaka saba niliimaliza kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.  Kisha Mwalimu akafungua kitambaa, akaitazama ile midomo miwili.

"Kwa hiyo hii ndiyo hiyo," akasema.

"Ulikuwa unajua, Mwalimu?"

"Shabani aliniambia mlangoni pa kanisa. 'Kuna kitu chako kiko kwa Nekesa. Ataleta mwenyewe. Usimuulize.' Nikamuuliza nitangoja mpaka lini. Akaniambia, wiki moja hivi."

Nikaweka kikombe chini. Akaingia ndani polepole, nikasikia anafungua sanduku, akarudi na lile daftari la mazoezi na kalamu nyekundu. Alitafuta ukurasa, akavaa miwani, akaikata ile saba kwa rula. Kwa rula, watu wa Mungu! Akaandika namba nyingine, akanigeuzia nione.

Tisa.

"Mwalimu," nikamwambia, "na hiyo moja iliyobaki?"

"Umechelewa," akasema, na akaniongezea chai.